Mkwe Niliyemjua kwa Mgongo

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Marwa, shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, ndiye aliyeita kikao. Mzee Nyamhanga, mkubwa wa ukoo wetu, alipewa kiti cha kukunja kwa sababu ya nyonga zake. Matiko na Mwita, watoto wa Marwa, walikaa kwenye gogo la kuni. Bhoke, binti yangu wa mwisho, alikuwa anachemsha chai na kuiacha imwagike motoni. Robhi, jirani yangu ambaye tuliolewa naye hapa Gorong'a msimu mmoja, alikaa na mimi nyuma ya ukuta wa jiko. Na mume wa Bhoke, mkwe wangu, mwenye kesi. Yeye alisimama, hakutaka kukaa.

Mimi sikuwa uani kwa Marwa pamoja nao kwa sababu kwetu mama mkwe na mkwe hawakai mahali pamoja. Hawapeani mkono, hawali chakula wakitazamana, na mkwe haingii nyumba ya mama mkwe wake. Kitanda cha mama mkwe ndiyo kabisa, hakipaswi kuonwa. Kwa hiyo niliisikia kesi yangu kupitia ukuta wa udongo, sikio moja likiwa limebanwa pale plasta ilipobanduka.

Kesi ilikuwa moja tu. Je, mkwe aliingia nyumbani kwangu, au hakuingia? Kama aliingia, basi angefunga vifaa vyake arudi kwao Issenye, na binti yangu angemfuata huko mbali au angebaki bila mume. Neno hilo la kuondoka hakulisema Marwa. Alilisema mkwe mwenyewe.

Mimi majina yote nayakumbuka, ya watu, ya mito, hata ya mbuzi niliowafuga nikiwa msichana. Lakini jina lake sitalitaja hapa. Mama mkwe halitamki jina la mkwe, na mimi sijaanza kulitamka uzeeni. Naandika kwa sababu vijana wa senta wanaisimulia habari hii vibaya. Wanasema mkwe alimpiga picha mama mkwe akiwa amelala. Si kweli. Ngoja niwaambie alikuwa mtu wa namna gani.

Miaka mingi nilimjua kwa mgongo. Nyumba yangu iko juu, yao iko chini, na katikati kuna mawe makubwa ya kijivu, mengine yamelala kama ng'ombe walioshiba. Asubuhi ukungu ukishuka, mawe yale huonekana yanaelea, na ukitazama sana utasema yanatembea. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni na kikombe changu natazama. Ukungu ukipasuka kidogo, namwona kule chini, amekaa juu ya dumu la maji lililogeuzwa, amenipa mgongo kwa heshima. Shati lake lilikuwa limepauka mabegani. Akilehemu nyaya, mabega yalipanda mpaka masikioni. Kazi ikikubali, masikio yenyewe yalicheza. Wakigombana na Bhoke, nilijua kabla Bhoke hajapanda kuja kunieleza, kwa sababu siku hiyo alikaa wima sana kama mtu aliyemeza fimbo.

Alikuja huku kwetu kutafuta dhahabu kama wengi waliokuja. Lakini hakudumu kwenye mashimo. Aligeuka kuwa fundi wa mashine za wachimbaji, pampu za maji na drili za mkono. Drili ikifa kabisa, aliwaambia, "Basi nipeni maiti yake." Ndani ya drili kuna mota ndogo na gia zake, inazunguka polepole lakini ina nguvu kama ng'ombe wa plau. Hiyo ndiyo aliyoipenda. Kwa mota hizo alitengeneza vigari vya kupanda mawe.

Sisemi vigari vya watoto vile vya dukani Tarime, vinavyokimbia sakafuni vikigonga ukuta. Vyake havikukimbia. Vilikuwa virefu kama kuku aliyenyoosha shingo, na aliviongoza kwa rimoti aliyoipata Sirari. Kiunzi alikikata kwenye sufuria kuukuu. Matairi aliyashona kwa mpira wa ndani wa pikipiki, akayajaza sponji ili yawe laini, yalalie jiwe. Ndani ya magurudumu ya mbele aliweka vipande vizito vya madini ya risasi, ili kigari kikipanda kisipinduke kwa nyuma. Na magurudumu yote manne aliyafunga yazunguke kwa pamoja, moja likiteleza mengine yaendelee kushika.

Haya yote nilielezwa na Bhoke, tena kwa hasira.

"Mama, godoro limepoteza kona."

"Kona gani?"

"Ya miguuni. Amechukua sponji. Sasa nalala miguu inaning'inia kama kuku wa mnadani."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Anasema mimi ni mfupi, kona ile siifikii."

Nilicheka mpaka Bhoke akakasirika na mimi pia.

Alikuwa na maneno yake. Kigari kikikwama kwenye jiwe, watu walimpigia kelele aongeze moto, naye aliwaambia, "Tairi lisikie jiwe kwanza." Alisubiri. Gurudumu lilizunguka kidogo, likarudi, likapapasa kama mtu anayetafuta kandambili kwa vidole vya miguu. Kisha lilishika, naye akasema kwa sauti ndogo, "Limeng'ata." Neno hilo nilikuwa nalisikia linapanda kwenye mawe siku nzima. Limeng'ata. Kimya. Limeng'ata. Nilikuwa nasinzia nalo mlangoni, na kwenye usingizi wangu mawe yote yalikuwa yanaumwa polepole na meno ya mpira, wala hayaoni uchungu.

Vijana wa bodaboda walimcheka. Mmoja alisimamisha pikipiki akamwambia, "Mura, kijana wee, hilo gari lako linashindwa na kinyonga!"

"Mlete huyo kinyonga," akajibu, bila kugeuka. "Mwambie apande jiwe hili amebeba kilo ya sukari."

Lakini usidhani alikuwa mtu mmoja aliyenyooka. Aliyetengeneza magari hakuweza kupanda gari. Basi la kwenda Musoma lilimtapisha kabla halijatoka Tarime. Alikwenda kwa baiskeli hata safari za mbali, akarudi amechoka, na vifaa vyake amevifunga kifuani kama mtoto. Aliweza kulisubiri jiwe tangu asubuhi mpaka jua la kuchoma, lakini kamba ya kiatu ikijifunga fundo, alikitupa kiatu chote kwenye migomba. Alikuwa mkarimu wa kila kitu, nyundo yake ilizunguka kijiji kizima, ila rimoti hakumpa mtu. Hata Bhoke hakuigusa. Bhoke alisema, "Akifa atazikwa na hiyo rimoti, sijui nani atatangulia kuingia kaburini."

Na mwiko wa mama mkwe aliushika kuliko sisi wenye mwiko wenyewe. Hata kwao Issenye mama mkwe anaheshimiwa, lakini yeye alizidisha. Siku moja tulikutana ghafla kwenye njia ya kisimani, mimi nina ndoo kichwani. Kabla sijasema lolote alikuwa ameruka kwenye mahindi. Nikasikia mahindi yanavunjika, yanavunjika, yanaelekea mbali, kisha mbwa. Alitokezea kwenye shamba la Wegesa, na mbwa wa Wegesa wakamkimbiza kama mwizi. Wegesa alikuja kuniuliza, "Mkwe wako ana nini? Nimemwita, anajibu kwamba anaheshimu."

Kanisani alikaa benchi la mwisho kando ya mlango, ili nikigeuka kutoka awe ameshaondoka. Mchungaji alidhani ni mtu asiyependa mahubiri, akawa anahubiri kwa kumkazia macho. Masikini, alikuwa anahesabu tu lini sala ya mwisho itaanza.

Hata hivyo tuliongea. Tuliongea kupitia mbuzi. Nilikuwa na mbuzi jike mweupe anaitwa Rosi, alifungwa kwenye jiwe la katikati, si kwangu si kwao. Mkwe alisimama chini akiangalia upande mwingine.

"Rosi, mwambie mama mvua inakuja, aanue mtama."

Nami nikiwa juu nimeangalia upande wangu, "Rosi, mwambie baba nimesikia. Mwulize kama dawa ya kifua amekunywa."

"Rosi, mwambie mama nimekunywa."

"Rosi, mwambie asitudanganye, amekohoa asubuhi yote."

Akakohoa. Kisha, "Rosi, mwambie mama dawa ni chungu."

Rosi alitafuna tu. Hakuna mbuzi wilaya ya Tarime aliyejua siri nyingi kama yule.

Vigari vilianza kuja kwangu kwa sababu ya redio. Redio yangu ilikufa, Bhoke akampelekea, akaitengeneza. Siku ya kuirudisha Bhoke hakuwepo. Mimi nimekaa mlangoni, macho yangu mazito, nikaona kitu kinapanda kwenye mawe. Kinakuja taratibu, kinainamia huku, kinainamia kule, kinapotea nyuma ya jiwe, kinatokea juu yake. Mgongoni kimebeba redio, na redio inaimba kwaya. Nilidhani ni ndoto. Halafu kikafika miguuni pangu, nikakipiga na ufagio.

Nilisikia kule chini mtu anasema "Aaah!" kama aliyepigwa yeye.

Kesho yake kilirudi, kimevishwa bati mgongoni. Kimeleta chumvi. Nilikaa mbali nacho nikakitazama, nacho kikakaa. Mwisho nikachukua chumvi, nikaweka mayai mawili. Kilishuka nayo, na yai moja likafika. Tangu hapo niliyachemsha kwanza.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Sukari, kiberiti, ugoro wangu, betri za redio, vyote vilinipandia kwenye mawe. Yeye hakuvipa majina vigari vyake, nilivipa mimi, kama unavyowapa ng'ombe. Cha kwanza, kile kilichopigwa na ufagio, nilikiita Kobe. Cha pili kilipakwa rangi, kikawa Mwekundu. Cha tatu kilikuwa na magurudumu makubwa mbele na kiuno kimeshuka nyuma, nikakiita Fisi. Fisi ndiye aliyekuwa bora. Alipanda jiwe ambalo Kobe na Mwekundu waliliogopa, lile lililosimama mbele ya mlango wangu. Jioni jua likiwa linashuka kuelekea ziwani, taa zake mbili ndogo zinawaka, anapanda peke yake na kiberiti changu mgongoni, huoni mtu, husikii hatua, mioyo yetu miwili tu imetulia, mmoja juu mmoja chini. Sijui kama nimewahi kuheshimiwa hivyo na mtu yeyote.

Sasa niseme siku yenyewe.

Ilikuwa siku ya mnada, kijiji kimehama. Bhoke alikuwa Tarime, Robhi alikuwa shambani. Niliamka nikafungua mlango niingize mwanga, nikarudi chumbani kuchukua khanga, na dunia ikazunguka. Nilianguka kati ya kitanda na ukuta. Mguu ulikuwa chini yangu, umekaa upande ambao mguu haukai. Nikajaribu kupiga kelele, sauti ikatoka kama ya kifaranga. Nikalala pale nikitazama vumbi linacheza kwenye mwanga. Nilianza kuwaona watu. Nilimwona mama yangu anapepeta ulezi. Sikuogopa. Niliona tu ni vizuri amekuja.

Mkwe aliona kwamba jiko langu halitoi moshi. Alisimama kwenye mawe akaita, "Rosi, mwulize mama kama ameamka." Nilimsikia. Nikashindwa kujibu. Akaita tena. Halafu akaacha kumwita Rosi, akaita, "Mama!" Hapo nikajua kuna jambo, maana hajawahi kuniita bila mbuzi.

Mtu mwingine angekimbia akaingia. Yeye alifika kwenye jiwe la mwisho akasimama. Alinieleza Bhoke baadaye kwamba miguu ilikataa. Hakuwa anafikiri juu ya wazee wala faini. Miguu tu ilikataa, kama ng'ombe anavyokataa daraja. Basi akarudi mbio chini. Alikuwa na simu mbili. Moja akaifunga juu ya Fisi kwa mpira, akaipigia simu ya video kwa ile ya mkononi, akamtuma Fisi.

Mimi niko sakafuni. Mama yangu anapepeta. Nikasikia mlio nilioujua, zzz, kimya, zzz. Kizingiti cha mlango wangu ni kirefu, tulikijenga hivyo maji ya mvua yasiingie. Nikamsikia anagonga kizingiti. Anarudi. Anagonga. Anarudi. Nikasema moyoni, sikia jiwe kwanza. Tairi likapapasa, likapapasa, kisha mwili wote ukapanda, ukaangukia ndani, tap. Akapita jikoni. Akapita chini ya meza. Akakunja kona akaingia chumbani, na taa zake mbili zikanimulika usoni. Mama yangu akaondoka na ungo wake.

Kwenye simu kulikuwa na sauti.

"Mama."

"Naam."

"Usiogope. Nimekuona."

Nilimwambia mguu. Aliniambia nisitikisike, anamfuata Robhi. Aliniacha na Fisi, taa zikiwaka, mpaka Robhi alipofika na wanawake wenzake wakaninyanyua. Nilipelekwa zahanati, mguu ukafungwa, presha ikashushwa. Wote walisema, mkwe amekuokoa. Ilipaswa kuishia hapo.

Lakini yeye, kwa jinsi alivyokuwa, alikwenda mwenyewe kwa Marwa. Alisimama mlangoni akasema, "Baba mdogo, nimeona kitanda cha mama mkwe." Hakuna aliyemwuliza. Hakuna ambaye angejua. Bhoke alimlilia, "Kwa nini usinyamaze?" Akamjibu, "Nikinyamaza nitamtumiaje tena chumvi?"

Ndiyo maana tukawa nyuma ya ukuta siku ile, mimi na mguu wangu kwenye plasta, Robhi ananishikilia.

Marwa alianza. "Hii ni aibu mpya. Babu zetu hawakuijua, lakini aibu ni aibu. Jicho lake limeingia, maana yake ameingia."

Mzee Nyamhanga alikuwa anampenda mkwe, kwa sababu alimtengenezea tochi. Akasema, "Wewe Marwa, picha yangu iko kwa mjukuu wangu Mwanza. Mimi nimeshafika Mwanza?"

"Hujafika, tata," Marwa akamjibu, maana ndivyo tunavyomwita baba.

"Haya. Miguu yake ilikuwa wapi?"

"Kwenye mawe," alisema Matiko.

"Kwa hiyo mtu yuko alipo miguu yake."

Robhi akanifinya kwa furaha. Nami nikaanza kupumua. Lakini Mzee Nyamhanga hakujua kuacha jambo likiwa zuri. Akataka kuthibitisha. "Lete hicho kinyama chako," akamwambia mkwe. "Kipeleke kwenye nyumba ya Marwa pale. Sisi tukae hapa tutazame. Mtaona kwamba hapa ni hapa na kule ni kule."

Nyumba ya Marwa na mke wake mdogo iko uani hapo hapo. Mkwe akamfunga Fisi simu, akamtuma. Nikasikia zzz inaondoka. Wote wakainamia simu, Mwita akisoma kama anasoma gazeti: "Mlango huo. Meza hiyo. Eh, ndoo ya togwa. Eh, baba, ulisema togwa imeisha."

"Ni kidogo," alisema Marwa.

"Imejaa. Sasa pazia. Anapita chini ya pazia. Kitanda. Eh! Mama mdogo amekaa kitandani anajipaka mafuta ya—"

"Toa!" Marwa alipiga kelele mpaka kuku wakaruka. "Toa macho yako nyumbani kwangu! Toka! Nimesema toka!"

 Simu ikawa bado inaonyesha chumba cha Marwa, na watu wote wamekaa kwenye jua, na hakuna hata mmoja aliyesema kwamba hayumo ndani.

Mzee Nyamhanga alikohoa muda mrefu. "Nimejiua mwenyewe," akasema. "Ameingia."

Bhoke aliangusha birika. Robhi aliniachia mkono.

Mkwe akasema, kwa sauti ile ndogo, "Nilisema mimi. Kesho nitafunga vitu."

"Nyamaza, mura," Mzee alimwambia. "Kuingia umeingia. Lakini nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe hatujamwuliza." Kisha akaugeukia ukuta. "Mama Bhoke! Uko hapo?"

"Nipo, tata."

"Mtu huyu ameona kitanda chako. Unataka aende kwao, au unamfungulia mlango aingie kama mtoto wako wa kuzaa? Fikiri. Ukifungua, umefungua. Hatutakaa tena hapa kuufunga."

Mtadhani nilijibu haraka. Hapana. Niliona mambo mawili. Nilimwona Bhoke anaondoka na godoro lisilo na kona. Lakini pia niliona mawe yangu matupu. Nani humtuma Fisi kwa mtu ambaye anaweza kumwendea mwenyewe? Heshima yetu yote ilikuwa imejengwa juu ya kutokaribiana. Nilikuwa naambiwa nichague mtu au mwendo wake. Ukuta ulikuwa wa moto kwa jua, nikauegemeza uso wangu.

"Aingie kwa miguu yake," nikasema.

Marwa alidai mbuzi na blanketi ili mlango ufunguliwe kwa haki, na siku ya mbuzi alikula kuliko wote. Si Rosi, msiogope. Blanketi ni hili ninalojifunika.

Basi mlango ukawa wazi, na hakuna aliyeingia.

Mkwe hakuja. Msimu ukapita. Alikaa kwenye dumu lake, lakini hakujua tena akae vipi. Kunipa mgongo ilikuwa kukataa mlango, kunipa uso hakuweza. Akawa anakaa ubavu ubavu kama mtu anayeumwa jino. Na Fisi hakupanda tena. Bhoke alileta chumvi kwa mkono, akaibwaga mezani, akaenda zake. Nilifungua mlango kila asubuhi nikatazama ukungu na mawe yakielea, hakuna kitu kinachokuja. Nilijiuliza kama sikumfukuza kwa kumkaribisha.

Rosi nilimwambia mara moja, kwa sauti ya kusikika, "Rosi, mwambie baba mlango hauumi."  Hata mbuzi hakupewa jibu.

Alikuja masika haya ya karibuni, alasiri. Mvua ilikuwa imekatika saa hiyo hiyo na paa lilikuwa bado linadondosha. Niliona mtu anapanda kwenye mawe, anatafuta pa kuweka mguu, anateleza, anarudi. Amevaa koti la harusi yake. Hakuwa na kigari, mikono mitupu. Akafika mlangoni, akasimama, na mimi nikaangalia kwingine nimpe nafasi. Nilimsikia ameingia kwa sababu chumba kilibadilika harufu, kikanukia moshi wa kulehemu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa. Nikamtazama. Uso wake ulikuwa mzee kuliko mgongo wake. Alikuwa na alama ya kuungua chini ya jicho, na macho mepesi, ya mtu anayelia kwa urahisi. Hayo sikuyajua. Nikampa chai. Akashika kikombe kwa mikono miwili. Tulikuwa na miaka ya maneno, yote tuliyapitisha kwa mbuzi, na sasa tumekaa hatua chache, hakuna hata moja linalotoka. Niliuliza habari za mvua. Akasema ni nzuri. Akauliza mguu. Nikasema unatembea. Kisha maneno yakaisha.

Ndipo likadondoka. Tone, kutoka kwenye bati, chumbani. Pazia lilikuwa limefunguliwa. Sote tulisikia, sote tukageuka, na yeye akayarudisha macho haraka kwenye kikombe. Likadondoka lingine. Mabega yake yakapanda. Lingine.

"Mama," alisema, akikiangalia kikombe. "Kitanda kinalowa."

"Kinalowa."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza."

"Na unalala wapi?"

"Upande wa ukutani."

Akaweka kikombe chini. Alifikiri, nikamwona anafikiri, uso kwa mara ya kwanza, midomo inasogea kidogo. Akavua viatu, akaviweka sambamba mlangoni mwa chumba.

"Nipande?"

"Panda."

Akapanda kitandani kwangu, soksi zake zikiwa na matundu, godoro likamzamisha. Akashika bati kwa kiganja, akapapasa kutafuta tundu. Akaniomba kipande cha nailoni, nikampa, vidole vyetu vikagusana juu ya blanketi, hakuna aliyeondoa wake kwa haraka. Akasokota nailoni akaisukumiza kwa kidole gumba, akaishikilia. Tukasubiri tone. Halikuja.

Lakini hakushuka. Alibaki amesimama pale, mkono juu ya paa, akitazama kuta zangu, khanga zangu kwenye kamba, picha ya marehemu, kama mtu aliyeamshwa mahali asipopajua. Nadhani hakujua mkwe hushukaje kitandani kwa mama mkwe. Wala mimi sikujua. Hakuna aliyewahi kutufundisha.

"Shuka, mwanangu," nikamwambia. "Chai inapoa."

Akashuka.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Mzee Nyamhanga ametutoka, lakini Marwa yupo, Robhi yupo, Matiko na Mwita wapo. Kama ndoo ile haikuwa ya togwa, au kama aliyepiga kelele hakusema "toka" bali neno jingine, au kuna aliyekuwa uani ambaye sikumwona kwa sababu ya ukuta, basi apande hapa nyumbani aniambie, nami nitafuta niandike lake. Jina la mkwe tu msiniongezee.